Mgeni wangu amepotea jangwani, na siri yake ninayo mimi

Ami, assalamu alaykum.

Mimi ni nahodha hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Nina mke na watoto watatu, na riziki yangu ni jahazi. Natembeza wageni: Manda Toto kwa wanaopenda kuzamia, Takwa kwa wanaopenda magofu, na wakitaka safari ya kulala tunakwenda mpaka Kiwayu.

Kwa misimu kadhaa ya kaskazi amekuwa akija kwangu mgeni mmoja wa Ulaya. Nchi yake nimekutajia pembeni, usiichape. Si yule mgeni wa kupiga picha na kuondoka. Amejifunza kushika tanga na demani, Kiswahili amekiokota barazani kwetu, mke wangu humpikia, watoto wanamwita mjomba. Mwaka jana alifiwa na babake, na alipokuja tena alikuwa mtu mwingine. Mkimya, usiku halali. Alikuwa akimeza dawa alizopewa kwao. Ana dada mmoja tu, mkubwa wake, ambaye humpigia kila siku: umekula? umelala? umemeza dawa? Mgeni wangu akawa amechoka kuulizwa.

Mwezi uliopita aliondoka hapa akaenda Moroko. Dada alimwambia kwamba yuko Merzouga, kwenye vile vilima vya mchanga vinavyotembelewa na kila mtu, pamoja na kundi la watalii na kiongozi wao. Mimi alinitumia sauti ya WhatsApp, kwa Kiswahili. Anasema hayuko Merzouga wala hana kundi. Yuko M'hamid, pale lami inapokwisha. Amekodi pikipiki, na asubuhi ataingia jangwani peke yake kuelekea Foum Zguid, apitie vilima vya mchanga vya Erg Chigaga na lile ziwa kavu wanaloliita Iriki. [Hapa nimeondoa mistari miwili. Sababu ninaieleza chini. – Ami] Akamaliza hivi: "Dada asijue. Nikifika Ijumaa nitampigia mwenyewe. Hii ni amana yako, nahodha."

Ijumaa ikapita. Nikampigia, simu haipatikani. Jumapili usiku dada akanipigia mimi, namba aliwahi kupewa na nduguye siku za nyuma. Analia. Ananiuliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia nitamtafuta, nikakata.

Tangu hapo nyumba yangu imekuwa baraza. Ustadhi niliyemwendea ananiambia amana ni amana. Shemeji yangu anasema ninyamaze kabisa, kwa kuwa mzungu akipotea, wa kwanza kulala kituoni ni Mwafrika aliyekula naye. Ananikumbusha ya 2011. Mpwa wangu anataka aitupe ile sauti kwenye makundi yote ya WhatsApp na Facebook, eti dunia nzima ikisikia ataonekana haraka. Kuna mzee ameleta habari kwamba amemwona kwenye bakuli la maji, yu hai, yuko chini ya mtende, na anataka elfu kumi na tano ili aone zaidi. Na majirani wamekwisha kumwita marehemu. Mke wangu aliulizwa utukuni kama tutamsomea hitima, na yule hata si Mwislamu.

Juu ya hayo kuna begi. Aliacha kwetu begi dogo lenye kufuli. Juzi mtu nisiyemjua ameniandikia kwa Kiingereza kwamba yeye ni rafiki wa mgeni, nilivushe begi Mokowe nilipakie basi la Mombasa, atalipokea. Na kuna pesa: alinitumia shilingi elfu arobaini za safari ya Kiwayu ya Desemba.

Ami, nikisema nitakuwa nimevunja ahadi ya mtu aliyeniamini. Nikinyamaza silali. Nifanye lipi?

Nahodha, Langoni

*

Wa alaykum salam, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii haikungoja zamu. Ilinifikia baada ya magharibi, na kabla ya isha nilikuwa nimekwisha kumpigia nahodha. Ninayoandika hapa ni tuliyoyazungumza usiku ule, pamoja na machache niliyoyafikiria baadaye, na yanatoka baada ya dada wa huyo kijana kusomewa yote na kuridhia. Kijana mwenyewe, mpaka ninapoandika, hajapatikana.

La kwanza nililokwambia ni hili: kata simu yangu, mpigie dada, halafu ndipo unirudie. Mengine yote yaweza kungoja nusu saa. Hilo haliwezi.

Sasa tuje kwenye amana, kwa kuwa ndiyo iliyokufunga ulimi. Hebu isikilize tena ile sauti. "Nikifika Ijumaa nitampigia mwenyewe." Hayo ni masharti, na aliyeyaweka ni yeye. Alikuomba umsitiri hadi Ijumaa, ukamsitiri. Ijumaa imekuja, hakufika, hakupiga. Hakuna mahali aliposema kwamba hata akikwama wewe ufunge mdomo. Siri uliyopewa ilikuwa na mwisho wake na mwisho umepita, kwa hiyo huvunji kitu. Ustadhi nampa heshima yake, ila nadhani hukumweleza habari ya Ijumaa. Rudi umweleze, uone kama jibu litakuwa lilelile. Aya ya 58 ya Sura An-Nisaa inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Habari ya alikokwenda mtu aliyepotea, wenyewe ni nani kama si watu wake?

Na habari hiyo ina uzito kuliko unavyodhani. Wewe unajua mashua ikichelewa kurudi kutoka Kiunga watu hufanya nini. Hawatweki tanga ovyo. Huuliza kwanza: nani aliiona mwisho, wapi, ilielekea upande gani, upepo ulikuwa upi, ilikuwa na maji kiasi gani. Kule jangwani maswali ni yayo hayo, na majibu yake unayo wewe peke yako. Kutoka Merzouga hadi M'hamid ni zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara ni mbali zaidi. Dada anaamini nduguye alikuwa Merzouga, basi na polisi wa kwao wameandika Merzouga, na waliotumwa kuuliza wanagonga hoteli moja baada ya nyingine mahali ambapo kijana hakuweka mguu. Kila siku unayonyamaza, watu wenye nia njema kabisa wanamtafuta pasipo na kitu.

Sitakuficha hesabu ya maji. Mtu anayetembea kwenye jua la jangwa aweza kutoa jasho hata lita moja kwa saa, na pikipiki haibebi mapipa. Asiye na maji kabisa katika joto kali huhesabiwa kwa siku mbili tatu, zaidi kidogo akijificha kivulini mchana. Lakini njia ile ya Chigaga si tupu. Kuna kambi za watalii pembezoni mwa vile vilima, kuna magari yanayopita kwenda Foum Zguid, kuna wafugaji wenye visima vyao. Mtu aweza kuwa amevunjika mguu na amelazwa hemani kwa watu wasio na simu. Mwaka 1994 Mtaliano Mauro Prosperi alikuwa katika mashindano ya mbio za masafa marefu ya Marathon des Sables, hukohuko kusini mwa Moroko, tufani ya mchanga ikamtoa njiani. Helikopta ilimpita juu isimwone. Alipatikana zaidi ya wiki moja baadaye, hai, kakonda vibaya mno, mikononi mwa familia ya wafugaji wahamaji, naye amekwisha kuvuka mpaka yuko Aljeria. Hakuna aliyekuwa akimtafuta upande ule. Simtaji ili nikupe matumaini ya bure. Namtaja kwa sababu ya huo upande.

Na kwa sababu ya majirani pia. Waambie wamwache na hitima zao. Wanawake wa visiwa hivi wamewahi kungoja waume waliokwenda na jahazi, na hakuna aliyewaambia wavae kaniki siku ya tano.

Utakapozungumza na dada, usimfupishie. Hili nalisisitiza kwa kuwa nawajua nyinyi watu wa bahari: mtasema "alikwenda M'hamid" na mtanyamaza mkidhani mmemaliza. Mpe sauti yenyewe, yote, kisha mwandikie maneno yake moja moja kwa Kiingereza, hata yale yanayoonekana ya mzaha. Alicheka? Sema alicheka. Alitaja petroli, alitaja mtu aliyemkodishia, alisema atalala wapi usiku wa kwanza, alisema kuna kitu anataka kukikwepa? Kiseme. Julai 1996 watalii wanne Wajerumani, wawili kati yao watoto, walipotea katika bonde la Death Valley, California. Gari lao lilionekana Oktoba ndani ya korongo, matairi yamepasuka, wao hawapo. Watafutaji walizunguka wakachoka. Mabaki ya watu wazima wale yalikuja kupatikana Novemba 2009, na walioyapata ni watu wawili waliojitolea tu. Walijiuliza mgeni kutoka Ulaya akiitazama ramani ile angewaza nini, wakaona angewaza kwamba kusini kuna kambi ya jeshi, na penye jeshi hapakosi ua na askari wa doria. Wakatafuta kusini. Miaka 13 ilipita kabla ya mtu kufikiri kama waliopotea walivyofikiri. Wewe una sauti ya mtu akieleza mwenyewe anavyofikiri. Usiipunguze.

Habari ya dawa na ya kufiwa na baba nayo iseme. Isemee kwa dada na kwa maofisa, si barazani. Anayetafutwa kwa kuwa amepotea njia na anayetafutwa kwa kuwa alitaka kuwa mbali na watu hawatafutwi namna moja: wa kwanza huwa karibu na njia au anafuata bonde, wa pili aweza kuwa ameiacha njia kwa makusudi na anaisikia milio ya magari asitoke. Hatujui yeye ni yupi. Wenye kazi hiyo wapewe yote mawili wachague.

Dada atakasirika. Atakuuliza kwa nini hukusema Jumapili. Mwache aseme, usijitetee, usimwambie "alinikataza" mara tano. Mwambie mara moja, kisha umuulize ameandikisha kwa nani na umpe namba yako awapelekee. Na neno "pole" ulichunge, usilitamke kama msibani.

Simu yako sasa. Ifungue hiyo WhatsApp uangalie kama nyinyi wawili mmewasha ule mpangilio wa ujumbe kujifuta. Huwa ni saa 24, siku 7 au siku 90, na vijana wengi huuwasha wakasahau. Ukiwa umewashwa, uzime leo na uihifadhi ile sauti isije ikafutika. Usibadilishe simu, usiweke WhatsApp upya, usimkopeshe mpwa wako. Sauti ukiirusha kwa mwingine hubeba saa ya kurushwa, kwa hiyo wataitaka ile ya kwanza, kwenye simu yako, yenye saa yake. Piga picha ya skrini pia, tarehe ionekane.

Kisha kituoni. Shemeji yako simlaumu. Aliyekuwa Lamu 2011 anakumbuka: Septemba ile wageni walipovamiwa na kutekwa Kiwayu, Oktoba ile alipotekwa mwingine Manda, halafu nchi za watu zikawaonya raia wao, hoteli zikafungwa na manahodha wakarudi kuvua. Mji huu umelipa kwa makosa ambayo si yake, na hofu yake haikutoka hewani. Ila hapa kijana amepotea nchi nyingine, ulikuwa Lamu na watu mia wamekuona, na ujumbe wake unaonyesha alikokuwa. Anayekwenda mwenyewe mapema, akaandikisha akapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ana karatasi ya kuonyesha kwamba hakufuatwa nyumbani. Nenda na shemeji huyohuyo, asubuhi, kanzu safi. Sema ulichokuja kusema na usiongeze. Halafu upige simu ubalozi wa nchi yake ulioko Nairobi, uwape namba ile ya OB na mahali: M'hamid, Chigaga, Iriki, Foum Zguid. Wao watapeleka kwa wenzao wa Rabat, na wa Rabat kwa Gendarmerie Royale, ambao ndio askari wenye mamlaka nje ya miji kule. Polisi wa kwao ndio watakaoomba ilani ya manjano ya Interpol, ile ya kutafuta waliopotea, ikihitajika, si wewe wala dada. Ni mzunguko, najua. Lakini ziwa lile kavu haliko mbali na Aljeria, na mpaka wa nchi kavu baina ya Moroko na Aljeria umefungwa tangu 1994. Kama amepotelea upande wa pili kama yule Mtaliano, serikali ndizo zitakazozungumza, jamaa hawataweza.

Mpwa wako akae na mikono yake. Namwelewa, ana huruma na ana bando. Ila fikiri: ile mistari miwili niliyoiondoa kwenye barua yako, kijana anataja kitu kimoja alichokibeba na jina analoliita jahazi lako mnapokuwa wawili. Kesho mtu akimpigia dada akasema "nduguyo ninaye, nitumie pesa", dada atamuuliza hayo mawili tu. Asiyeyajua ni tapeli. Sauti ikisambaa, kila tapeli kuanzia hapa hadi Casablanca atakuwa na majibu, na dada hatakuwa tena na swali la kuuliza. Na lipo la pili. Mwaka 2003 watalii 32 wa Ulaya walipotea kusini mwa Aljeria, kikundi baada ya kikundi, na mwanzoni haikujulikana kama wamepotea njia ama ni nini. Ikaja kubainika wametekwa. Wengi waliokolewa au kuachiliwa Mei na Agosti mwaka ule, mama mmoja alifia jangwani kwa joto. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa mgeni wako, na sidhani. Nasema asiyejua ni lipi kati ya hayo hatangazi dunia nzima mtu alipo, yuko peke yake na ana ndugu wa namna gani. Dada akitaka picha isambazwe, atasema yeye, na mpwa atapata kazi yake.

Yule mzee wa bakuli la maji: usimpe hata mia.

Begi lisifunguliwe na lisivuke Mokowe. Rafiki wa kweli angemwandikia dada, si wewe, na angejua wewe hutoi mzigo wa mtu kwa ujumbe wa simu. Mjibu neno moja tu, kwamba habari yote ya begi itapitia kwa familia, na ule ujumbe wake mwonyeshe dada na polisi. Mwulize polisi kama wanalichukua. Wakilichukua, liandikwe lilivyo, kufuli lake, rangi yake, utie sahihi nao watie, upewe nakala. Wakisema libaki kwako, lipige picha pande zote mbele ya shemeji na mzee wa mtaa, ulifungie kabatini, na ufunguo wa kabati akae nao mkeo. Ndani yaweza kuwa na simu ya zamani, daftari, anwani ya hoteli aliyoilipia, kitu cha kuwasaidia wanaomtafuta, kwa hiyo dada ndiye wa kusema lifunguliwe lini na mbele ya nani.

Na zile elfu arobaini, ziandike daftarini kwa jina lake na tarehe ya M-Pesa. Usizitumie hata mafuta yakikuishia. Usizirudishe kwa dada sasa hivi pia, maana atadhani kuna jambo unalolijua yeye asilolijua. Akikuuliza, mwambie zipo, ni za safari ya Desemba.